Santuri za Ngurumo Boys

Nzomo ndiye aliyezichoma santuri za Ngurumo Boys, tena alizichoma akiimba haleluya. Hilo ndilo lililokuja kumla roho.

Bendi ilikuwa ya watu watatu: Mutiso, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, Mwangangi wa ngoma, na Nzomo wa besi. Walipiga muziki wa benga, magitaa kwa kasi na kelele, mpaka wacheza dansi wa kijijini kwao Tulia wakasusa. Benga gani hii ya kukimbizana? Lakini wachache walioipenda waliipenda kiwendawazimu. Walitoka Matinyani kwa miguu kuja kutikisa vichwa mbele ya spika, wakarudi masikio yakivuma. Mwaka wa 1979 bendi ilirekodi santuri moja, nakala mia tatu, basi.

Mwaka wa 1983 Nzomo akaokoka. Kanisani kwake mtu hakuokoka nusunusu: mlevi alimwaga pombe yake mbele ya waumini, na mwanamuziki alichoma nyimbo zake. Nzomo akapanda baiskeli, Biblia kwapani, akapita nyumba hadi nyumba akiomba santuri. Watu walimpa. Nani angemnyima mwenyewe? Hata Mutiso alimpa yake.

"Chukua tu, Nzomo," alisema. "Tutarekodi ingine."

Hawakurekodi. Mwaka uliofuata malaria ilimuua Mutiso, mkewe Mumbua akiwa mjamzito.

Mtoto huyo, Nthenya, alikuwa na miaka kumi na minne alipobisha hodi kwa Nzomo.

"Anko, mama anasema baba alikuwa anaimba. Anasema wewe ndio unaweza kuwa na sauti yake."

Nzomo hakujua auweke wapi uso wake. Akaahidi kuitafuta, akitumaini kuna aliyeficha nakala yake. Miezi miwili alizunguka kwa watu walewale, na wote walimjibu neno moja: si ulikuja ukachukua? Akabaki na tumaini moja, Roble, dereva wa lori wa Mtito Andei, aliyekuwa akiisifu santuri ile kila mahali. Nzomo akamkuta hotelini akinywa chai.

"Mzee, wewe mwenyewe ulikuja hapa na Biblia," Roble alisema. "Nikakuambia mimi ni Mwislamu, hiyo mambo ya kanisa yako hainihusu. Ukalia. Sasa mwenye wimbo akilia, mimi nitakataa aje?"

Nzomo hakukumbuka. Alikuwa amechukua kwa wengi mno, na siku zile alikuwa na furaha isiyotazama nyuso za watu.

Aliporudi alimwambia Nthenya ukweli wote. Msichana hakulia.

"Basi niimbie vile alikuwa anaimba."

Nzomo akafumba macho. Kilichomjia mdomoni kilikuwa besi, dum-dum-dum, kila noti mahali pake. Sauti ya Mutiso hakuipata. Miaka yote ile alisimama nyuma ya rafiki yake akisikiliza vidole vyake mwenyewe. Akaanza tena, taratibu, akafika pale besi iliponyamaza kumpisha mwimbaji. Akanyamaza. Kimya kikawa kirefu.

"Ni hapo baba anaanza?" Nthenya aliuliza.

"Ni hapo," Nzomo alisema, na machozi yakamshinda.