Siku za Mbalamwezi za Mama Nadège

Wavuvi wa mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, hupumzishwa na mwezi. Ukishajaa, ziwa lote linang'aa, taa za mitumbwi hazimdanganyi samaki yeyote, na kila ekipe, yaani kundi la wavuvi, inavuta mtumbwi wake mchangani na kwenda kulala usiku kama watu wengine. Wanawake wanaoanika ndagala nao wanapumzika, maana hao samaki wadogo wa kuanika hawapo. Asiyejua angedhani siku hizo wanawake hao wamekaa wamenyoosha miguu. Thubutu.

Constance, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nadège, hakuwahi kunyoosha hata mguu mmoja. Mwezi ulipokaribia kujaa watu walianza kumjia, naye alikuwa na ugonjwa wa kuitikia. Ndiyo yake ilitoka kinywani kabla swali halijaisha. Shemeji ana palizi Lubondja, ndiyo. Kanisa linafagiliwa, ndiyo. Kuna msiba wa kukaa, kuna mgeni wa kupikiwa, ndiyo na ndiyo tena. Samaki walipoanza kupatikana upya, yeye alirudi kazini mgongo ukiuma kuliko alivyouacha.

Safari hii alichoka kweli, na si uchovu ule unaoondoka kwa uji wa moto. Tangu Nadège, mtoto wao pekee, alipoolewa Uvira, nyumba ilibaki na watu wawili wasiokutana. Eugène, mume wake, alitoka na taa zake jua likizama, akarudi alfajiri. Constance alipokea beseni la samaki mlangoni na kukimbilia mchangani, mume akajitupa kitandani. Jioni mke aliporudi ananuka jua na magamba, mume alikuwa anavaa koti. Maongezi yao yote yalifanyika juu ya beseni: leo ni kidogo, chumvi imekwisha, wavu umetoboka. Zamani Nadège ndiye aliyembebea huyu habari za yule. Na zile siku za mbalamwezi, ambazo wangeweza kuonana, mke alikuwa kwa watu na mume alipanda lori la rafiki yake Guy kwenda Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu, kumsaidia kupakua magunia. Hakuna aliyemtuma.

Asubuhi hiyo mitumbwi ilikuwa imevutwa ufukweni, na beseni lilirudi tupu. Eugène alikuwa ndani anaoga ili akapande lori. Georgette, kiongozi wa kwaya, akaingia uani akiwa na haraka zake. Kwaya inakwenda Lusenda kesho kuimba, alisema, na sauti ya pili bila Mama Nadège ni pengo. Alishageuka kuondoka, kwa sababu jibu lake lilijulikana Baraka nzima.

"Ngoja kwanza, dada Georgette," Constance akasema. "Nifikirie."

Georgette akarudi, akamwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Homa haikuwepo. Akaahidiwa jibu jioni, akaenda zake akitikisa kichwa. Kidogo tu akaja Sumaya, jirani yao, anayemwoza mtoto wa kaka yake na kutafuta mikono ya kumenya vitunguu vya pilau. Naye akajibiwa vilevile. Sumaya alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kumbe Mama Nadège naye anajua kufikiri, basi harusi hii itakuwa na baraka.

Walipoondoka, Constance akalipindua beseni, akalikalia. Mikono ilibaki mapajani ikitafuta cha kushika. Kukaa bure kulimshinda kuliko kuanika. Akajiuliza, mimi mwenyewe nataka nini? Swali hilo lilimtia aibu, maana hakuna aliyewahi kumwuliza, hata yeye mwenyewe. Kwaya aliipenda. Pilau ya Sumaya aliipenda zaidi. Lakini akiwaza Lusenda aliona vumbi la barabara na kusimama juani. Akiwaza harusi, machozi ya vitunguu yalimtoka kabla ya harusi yenyewe. Chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kimoja kimetulia, nacho alikiogopa. Alitaka kukaa na mume wake mchana kutwa, na hakujua kama mume wake alitaka kukaa naye. Zile ndiyo zote zilikuwa njia ya kukwepa kuuliza. Asipouliza mwezi huu hatauliza ujao, na watazeeka wakipokezana beseni. Wazo hilo lilimuuma, akaliacha limuume.

Eugène akatoka na mkoba wake mdogo, macho mekundu kwa kukesha ziwani. Maongezi ya uani aliyasikia akiwa ndani, akashangaa kumkuta ameketi.

"Bantu ya kwaya banaenda lini?"

"Kesho. Mi siendi."

"Na kwa Sumaya?"

"Sijaitika. Nitabaki hapa."

"Juu ya nini? Uko mugonjwa?"

Constance alikuwa na mgongo wa kusingizia, na uzee, na joto. Akaviacha vyote.

"Juu yako, Baba Nadège. Nilitaka tukae. Kama na we unataka."

Eugène aliutazama mkoba kama umewekwa mkononi mwake na mtu mwingine. Kisha akakaa kwenye mkeka, taratibu, na aliposema alikuwa analiangalia ziwa.

"Mi nilizania unatokaka kila mwezi juu hupendi kuniona hapa muchana. Ndiyo maana naendaka Lulimba. Lulimba siipendi. Ni vumbi tu, na Guy anasema sana."

Constance alitaka kucheka, alitaka na kulia, nguvu za lolote kati ya hayo hakuwa nazo. Miezi yote hiyo! Kila mmoja alimwachia mwenzake nyumba, walioifaidi ni kuku. Aliwakasirikia wote wawili, hasa yeye mwenyewe, halafu hasira nayo ikachoka.

Lori la Guy lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaondoka. Walikaa. Bila samaki kati yao hawakujua waanzie wapi, hadi Eugène akakohoa na kuuliza kama chumvi bado ipo, ndipo wote wawili wakacheka. Akaanza kusimulia habari ya mtumbwi, ikamfia katikati. Mchana ulikuwa usiku wake. Aliomba radhi, Constance akamwambia alale tu, na akamsogezea mkoba chini ya kichwa.

Haukupita muda Eugène akaanza kukoroma. Constance akashtuka. Alikuwa amesahau kwamba mume wake hukoroma.

Akajilaza pembeni yake pale mkekani, mchana kweupe, majirani wakipita. Jibu la kumpa Georgette jioni alikuwa nalo tayari. Alitaka kuusikiliza mkoromo ule mpaka jioni, lakini naye alikuwa amechoka mno, akapitiwa na usingizi kabla hajaushiba.