Bibi Alivyochuja

Siku ya tatu baada ya mazishi yake, saa kumi alasiri, Bibi aliingia kwa mlango wa uani, akavua kandambili na kukaa kwenye kigoda chake kando ya bomba. Alivaa gauni la kijani lenye maua mekundu, lile ambalo mama mdogo alikuwa ameshalikata matambara.

Mama mdogo alikuwa akimenya vitunguu. Alisogeza bakuli ili lisipigwe teke.

"Karibu, mama. Habari za huko?"

"Nzuri. Kuna upepo."

Muuguzi, mjukuu aliyelelewa na Bibi tangu alipofiwa na mama yake, alitoka ndani akipangusa mikono. Bibi alimtazama juu mpaka chini.

"Mke mwenzangu, umekonda. Mume wetu anakusalimu. Hata kule bado mvivu."

Muuguzi alicheka, kisha akalia, kisha akaketi sakafuni karibu na miguu ya Bibi, kwa sababu zamu yake ilikuwa ya asubuhi na sasa alikuwa na nafasi.

Bibi alikuwa amefulia watu tisa kwa miaka thelathini. Wiki tatu za mwisho alilalamikia kifua. Mjomba alidhani muuguzi atampeleka hospitali, maana ndiko kazini kwake. Mama mdogo alidhani mjomba atampeleka, maana ndiye mkubwa. Muuguzi alidhani ni uchovu, akampa vidonge viwili vya maumivu. Bibi alianguka akiwa ameshika shuka, na shuka ile ilibidi ifuliwe upya.

Siku mbili za kwanza alikuja, akakaa tu. Alisimulia jinsi alivyomzaa mjomba asubuhi na kuanika nepi zake jioni. Siku ya tatu mjomba, mwalimu wa hesabu, alitoka na mashati mawili, akayatia kwenye beseni.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe."

Wote walicheka, Bibi naye. Akachukua sabuni ya mche.

Mashati yalitakata kuliko siku yaliponunuliwa. Bibi alichuja. Kwanza yalitoka maua ya gauni, kesho yake ukijani. Alipomaliza mashuka, bomba lilionekana kupitia bega lake. Mama mdogo alikisogeza kigoda kivulini.

"Jua nalo linachujisha," alieleza.

Muuguzi ndiye aliyegundua kwamba siku isiyo na nguo Bibi hurudiwa na rangi. Kwa hiyo akawa anaamka saa kumi alfajiri na kufua za nyumba nzima kabla ya kwenda kazini. Siku tano Bibi alikuta beseni kavu. Nyusi zilirudi. Ua moja lilirudi, begani. Alimsuka binti mdogo wa muuguzi mistari sita iliyonyooka, akamsimulia jinsi mama yake utotoni alivyokuwa akikataa kuogeshwa, akipiga kelele mpaka majirani wakadhani anachinjwa.

Siku ya sita zamu ikabadilika: kuingia jioni, kutoka asubuhi, wiki nzima. Muuguzi aliwaita mjomba na mama mdogo jikoni.

"Nawaomba. Wiki moja tu, kila mtu afue zake. Mkimpa nguo ataisha."

"Mimi mgongo," mjomba alisema.

"Wewe nawe!" mama mdogo alimwambia muuguzi. "Anapenda mwenyewe. Ukimnyang'anya kazi utamuudhi, halafu asije tena. Ndiyo unataka?"

"Nataka akae."

"Hajawahi kukaa huyo."

Walimpa nguo za watu tisa, kisha mapazia. Kufikia Jumatano ilibaki mikono tu, ikisugua kola. Muuguzi aliiona alipoamka alasiri, macho yakimuwasha. Sare yake moja ilikuwa na damu ya mgonjwa, nyingine iko kwa fundi, na saa kumi na mbili jioni alitakiwa awe wodini.

"Bibi, nisamehe," alisema, akaitumbukiza sare.

Mikono iliipokea. Iligeuza kitambaa, ikatafuta doa, ikalisugua kwa maji baridi kama inavyotakiwa kwa damu. Doa lilipotoka, maji yalitulia. Muuguzi alikamua sare mwenyewe, akaipiga pasi ikiwa na unyevu, akaenda kazini. Msimamizi wa wodi alisema hajawahi kuona sare nyeupe namna ile.

Kesho yake saa kumi ilifika, ikapita. Beseni lilikuwa limejaa, povu limekauka ukingoni. Mama mdogo aliliangalia, kisha akamwangalia muuguzi.

"Sasa?"

Muuguzi alivuta kigoda, akakaa. Alisuuza mashuka mawili. Alipoinua mkono kutoka majini, kucha za vidole vitatu hazikuwa na rangi, na kupitia kiganja chake kamba ya kuanikia ilionekana vizuri.

Mjomba aliuona mkono huo pia. Alisubiri autie mkono majini tena, ndipo akaweka suruali yake juu ya nguo nyingine.

"Hii tu, mama," alisema.