Rangi ya Kijani Kwenye Mashine Yetu

Mtu aliyekuja kuichukua mashine yetu ya kufumia alivaa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Alisema wilayani kuna fundi, mguu uliopasuka utaungwa, na mashine itarudi kabla ya Pasaka. Vijana wakaibeba kwa mti mabegani mpaka barabarani, ikapakiwa juu ya magunia ya njegere, na sisi wafumaji wa Kibigiri tukapunga mikono kama tunamsindikiza bibi harusi. Pasaka ikapita. Ikapita na nyingine.

Mashine hiyo tuliachiwa na masista wa misheni walipoondoka. Katika kikundi chetu mwanamume nilikuwa peke yangu. Kufuma nilifundishwa na bruda mmoja nikiwa kijana, nami sikuona sababu ya kuacha kazi nzuri kwa ajili ya vicheko vya watu. Kilabuni waliniita Mama Yakobo. Mwezi wa sita, ukungu ulipokaa kijijini mpaka saa sita mchana, wacheshi hao hao walikuja kwangu wakisugua mikono, wakiulizia sweta.

Kijiji kilipokuwa cha ujamaa, mashine ikawa ya wote. Lakini tulikuwa tunajuana. Ili mtu asiingie peke yake akafuma vyake kwa nyuzi za kikundi, tulikubaliana mashine isikae nzima mahali pamoja. Mwili wake ulikaa kwenye ghala la kijiji. Sindano zake alizitunza Cecilia, binti wa dada yangu, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko kisu cha kukatia kabichi. Mimi nilipewa kigari, kile chuma kinachosukumwa kwenda na kurudi juu ya sindano, maana bila hicho hata mshono mmoja hauendi. Siku za kazi tulikutana ghalani, kila mtu na chake, mashine ikawa mashine. Hivyo ndivyo tulivyouelewa ujamaa, na mpaka leo sioni kosa letu.

Yule wa kaunda suti hakuuliza habari ya sindano wala kigari. Alichukua mwili akaenda. Tangu hapo tulirudi kwenye sindano za mkono. Sweta ya mtoto iliyokuwa ikiisha kwa siku moja sasa ilikula wiki, na asubuhi niliwaona watoto wakipanda kwenda shule wamejifunga kanga za mama zao shingoni. Kigari nilikipaka mafuta, nikakifunga kwenye kitambaa, na kila niliposhuka mjini nilikibeba. Nilitaka siku nitakayoambiwa mashine imepona, niijaribu pale pale mbele ya fundi.

Mwaka huo darasa letu la jioni la kisomo cha watu wazima, mimi na Cecilia tukiwemo, lilifaulu mtihani. Mimi nilikuwa wa kwanza, na nilipoulizwa darasa lingependa kutembelea wapi, nilisimama nikasema: tukaone nyumba mpya ya kumbukumbu za viwanda, iliyofunguliwa kwenye shamba la zamani la mkonge kule bondeni. Nilizisoma habari zake gazetini. Wengine walitaka kwenda mpirani. Nikashinda.

Tulishuka Jumamosi na lori la mboga. Nilivaa sweta yangu ya kahawia yenye misuko kifuani, kazi ya mikono yangu, ingawa kila mtu alijua kwamba chini kuna joto.

"Mjomba," Cecilia akasema lorini, "leo utaiva kama muhogo."

"Mtu akienda kwenye kumbukumbu za kazi, avae kazi," nikamjibu.

"Na kwenye hicho kikapu umebeba nini? Usiniambie ni kile chuma."

"Ni kile chuma."

"Masikini mjomba. Kingekuwa mke, kingekuzalia watoto kumi."

Lori zima likacheka. Sikukasirika. Siku ilikuwa bado nzuri.

Kijana aliyetupokea aliitwa Ndugu Ernest. Alisema shikamoo vizuri, kwa kuinama, nami nikaitikia marahaba kwa moyo wangu wote. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, msomi, mpole, anayeifahamu kazi yake. Hilo siwezi kumnyima. Alituonyesha korona, ile mashine kubwa iliyokuwa ikilichana jani la mkonge mpaka likabaki singa tupu. Akatueleza jinsi ilivyounguruma na jinsi maji yake machafu yalivyonuka. Akatuonyesha mizani, mashine ya mvuke, filimbi ya kuwaamsha manamba, wale vibarua wa mkonge. Niliuliza maswali, akanijibu kama anavyojibiwa mtu mzima. Nilijiona nimefika mahali pangu.

Halafu tukaingia chumba cha mwisho.

Ilikuwa katikati ya chumba, imezungushiwa kamba ya mkonge. Miguu yake ilikuwa imezikwa kwenye saruji. Ilipakwa rangi ya kijani, nzito, inayong'aa, kuanzia juu mpaka chini.

"Mjomba," Cecilia akaninong'oneza, "tazama pale pembeni."

Pembeni palikuwa na shimo la kuungua kwenye ubao wa meza yake, likionekana hata chini ya ile rangi, mahali koroboi ilipoanguka siku tuliyofuma mpaka giza. Niliujua ule ubao kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Ukutani palikuwa na kibao: Mashine ya kufumia. Zawadi ya wananchi wa milimani.

"Zawadi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nani aliitoa zawadi?"

"Nyinyi wananchi, mzee," Ernest akasema kwa furaha. "Ninyi ni wa kule juu? Basi karibuni sana!"

"Hii ililetwa kuungwa mguu."

Akasema yeye aliikuta imekwisha andikwa hivyo, na aliyeileta amehamishwa mkoa mwingine. Nikamwambia aliyehamishwa amehama na mashine yetu mdomoni. Nikamwambia tunaitaka, na lori letu liko nje. Akasema, kwa upole ule ule ambao sasa ulinichoma, kwamba sasa ni mali ya taifa.

"Na sisi ni taifa gani?" Cecilia akauliza. "Wa Nyasaland?"

"Dada, usikasirike. Hapa watu wote wanaiona."

"Wanaiona! Kule walikuwa wanaivaa."

Ernest akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa mwanamume, labda kwa ajili ya mvi zangu. Akatazama sweta yangu. Akaniuliza jina langu, nikamwambia Yakobo; akauliza kama niliifuma mwenyewe, nikasema ndiyo. Macho yake yakawaka.

"Mzee, sisi tumekosa kitu kimoja tu. Hii mashine ilikuja bila kigari. Tumekitafuta sana. Ukijua aliyenacho, tutaandika jina ukutani kwa herufi kubwa. Jina lako, mzee. Yakobo, mfumaji. Wanafunzi wa shule ya Kilakala watakuja, watalisoma. Na wewe utakuja siku za sherehe kuwaeleza."

Wenzangu wa darasa wakaanza kupiga makofi. Mmoja akasema, "Mama Yakobo ukutani!" lakini safari hii alisema kwa heshima. Sitadanganya: niliuona ule ukuta na jina langu juu yake. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na mvi anapenda kuona jina lake limeandikwa na mtu mwingine.

"Nikikileta," nikauliza, "tutaifanyia kazi? Hata hapa hapa, Jumamosi?"

"Hapana, mzee wangu. Vitu vya kumbukumbu haviguswi."

Nikainama kwenye kikapu, nikafungua kitambaa, nikavuka kamba. Ernest akasema, "Mzee, tafadhali," lakini alipoona nilichoshika akaniachia njia. Nikakiweka kigari mahali pake. Nilitaka kusikia ule mlio tu, kwenda na kurudi, hata bila sindano.

Hakikusogea. Nikasukuma kwa mikono miwili. Hakikusogea. Nikapitisha ukucha kwenye vile vifereji ambamo sindano hulala, na ukucha ukateleza juu. Hapakuwa na vifereji. Rangi ilikuwa imevijaza vyote, ikakauka, ikawa jiwe.

"Nani amepaka hii?"

"Ilikuwa na kutu, mzee. Tuliipaka kwa ajili ya ufunguzi. Ilipendeza sana."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba mwizi angeiiba akaiuza, mahali fulani ingekuwa inafuma, na mtoto wa mtu angekuwa na joto. Nyinyi mmeiua, nikasema, mkaiosha, mkaivika, na mnatuita tuje kuiaga. Wale waliopiga makofi walikuwa wanatazama sakafu.

Ernest alikuwa na machozi karibu. "Basi niachie hicho kigari, mzee. Hakina kazi tena kule kwenu. Hapa angalau itakuwa kamili."

Nikakiondoa kigari. Kilikuwa kimekwaruza mstari mwembamba kwenye ile rangi, na chini yake chuma kilionekana, cheupe. Nikakifunga kwenye kitambaa chake na kukirudisha kikapuni.

"Ndiyo maana hakitabaki," nikamwambia. "Tulikubaliana isikae nzima mahali pamoja."

Alitufuata mpaka kwenye lori. Niliposhika ubao kupanda, akasema nyuma yangu, "Shikamoo, mzee." Maishani mwangu sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Hiyo niliiacha. Nikapanda, nikakaa.

Tulipofika kwenye baridi, Cecilia akatoa uzi na sindano za mkono, akaanza mkono wa sweta ya mtoto.

"Mjomba, uliwaka kwa ajili ya rangi au kwa ajili ya lile jina?"

"Yote mawili."

"Afadhali umesema." Akanirushia kidonge cha uzi. "Shika mkono wa pili. Kesho kutwa shule inafunguliwa."