Mimi Sikuichoma Kontroboksi ya Mzee Alois

Niseme mapema tusipotezeane muda: kontroboksi ya pikapu ya Mzee Alois sikuichoma mimi. Haikuchomwa na mtu yeyote. Lakini siku ile, hapa gerejini kwetu Ushirombo, ilipofika saa nne asubuhi walikuwa wameshaamua kwamba nimeichoma, na kwamba ikifika saa kumi jioni niwe nimefungasha spana zangu nimeondoka.

Naitwa Vaileth, wengi wananiita Mama Abel. Ni fundi umeme wa magari, mwaka wa tisa huu. Uwanjani kwetu tuko mafundi kumi na wanne, mwanamke ni mimi peke yangu, na wapo ambao hadi leo wakinikuta nimelala chini ya gari wanauliza fundi yuko wapi. Nimeshazoea. Ila kuzoea si kukubali, tuelewane.

Pikapu ililetwa ikivutwa na trekta. Nikamwamkia Mzee Alois, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Mzee huyo ni mfugaji mwenye ng'ombe wengi, muumini wa kukaa kiti cha mbele parokiani, na marahaba yake huwa haikosekani. Siku hiyo aliimeza.

"Wiki mbili zilizopita ulinifungia honi," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa akina mama wanaouza chapati ng'ambo ya barabara. "Leo gari limekufa. Mayu, mama wewe, umenichomea gari!"

Watu wakajaa. Wewe, watu wa Ushirombo wakisikia ugomvi wanafika kabla ya wenye ugomvi wenyewe!

William ndiye fundi pekee hapa mwenye mashine ya kupimia magari. Akaichomeka, akasubiri huku kajishika kiuno. Nieleze kwa wasiojua: injini ya gari la siku hizi inaongozwa na kompyuta, sisi tunaiita kontroboksi. Ndiyo inayoamua petroli iingie lini na cheche ipigwe lini. Ikinyamaza, stata itazungusha injini mpaka betri iishe, na gari haliwaki. Mashine ya William iliita, ikaita, ikaandika kwamba haipati jibu. Hata taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka alipofungua swichi.

"Imekufa," William akatangaza. "Hii imechomwa. Mtu akiunganisha honi ovyo ndiyo matokeo yake. Naitoa, mzee atafute nyingine."

Magesa, mwenyekiti wetu wa mafundi, akanivuta pembeni. Si mtu mbaya Magesa, tatizo lake anapenda kila jambo liishe kimyakimya. "Mama Abel, sheria unaijua. Ukiua gari la mteja, unaondoka. Usibishane, yaishe."

Yaishe! Kwa nani? Mimi nikiondoka hapa na jina la mchoma kontroboksi, Kahama watakuwa wameshapigiwa simu kabla sijapanda basi. Masumbwe hivyohivyo, Geita hivyohivyo. Nani atanipa gari lake? Miaka tisa ya kuungua vidole ingeishia hapo, kwa neno la mtu mmoja na mashine yake.

Nikaenda nikasimama kwenye mlango wa abiria, pale kontroboksi inapokaa, nyuma ya dashibodi.

"Haitoki," nikasema.

"Mama Abel, sogea," William akasema.

"Haitoki ng'o! Mmenipa mpaka saa kumi, saa kumi haijafika. Mpaka hapo gari hili ni kazi yangu. Atakayegusa boksi hilo aniguse mimi kwanza."

Hakuna aliyenigusa. Wakacheka, wakakaa kwenye matairi mabovu kusubiri nishindwe.

Nikaanza na honi. Waya zangu zilikuwa vilevile nilivyoziacha, zimefungwa vizuri, fyuzi yake nzima, wala hazipiti popote karibu na kontroboksi. Nikamwonyesha Magesa. Akatikisa kichwa kama anayemsikiliza mlevi.

Basi nikachukua mita yangu ya kupimia umeme. Kontroboksi ni kama mtu yeyote, haiwezi kufanya kazi kama haijala. Inataka umeme uingie kwa waya wa chanya, na inataka njia ya kuurudisha, waya unaofungwa kwa bolti kwenye bodi la gari. Huo sisi tunauita ethi. Nikapima chanya: volti kumi na mbili na pointi nne. Nikapima ethi: mita ikasema safi. Nikarudia. Safi. Nikasafisha ncha za mita kwa kanga yangu, nikarudia mara ya tatu. Safi.

Hapo, sitaki kudanganya, niliiweka mita chini. Kama umeme unaingia na unarudi, na kontroboksi bado imenyamaza, basi ni mfu kweli. Nikaanza kujiuliza mambo ya kijinga. Labda siku ya kufunga honi nilisahau kutoa betri. Labda waya uligusa mahali. Nilikaa ndani ya pikapu ile nikijishitaki mwenyewe, na nje nawasikia wanahesabu saa.

"Vipi fundi?" William akaniita. "Na mita yako nayo imenyamaza?"

Wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniamsha. Nikasema moyoni, mita yangu haijanyamaza, bali inasema sana na haijabeba chochote. Mita ikipima inaonja tu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaipa mita volti kumi na mbili, kwa sababu haujaombwa kazi. Uombe kazi uone.

Nikaenda kwenye chuma chakavu, nikang'oa balbu ya taa kubwa ya lori, nikaiungia waya mbili. Hiyo ni mlafi, haidanganyiki. Nikachomeka waya mmoja kwenye chanya ya kontroboksi, mwingine kwenye ethi yake. Mita pale pale ilikuwa imesema safi. Balbu ikawaka wekundu tu, kama mkaa unaokaribia kuzimika.

Nikatoa ule waya wa pili kwenye ethi ya kontroboksi, nikauvuta hadi kwenye hasi ya betri yenyewe. Balbu ikatoa mwanga mpaka nikafumba macho.

Jamani, nilipiga kigelegele! Peke yangu, ndani ya pikapu, kigelegele cha harusini. Chanya ilikuwa nzima. Ethi ndiyo ilikuwa imekufa, kontroboksi ilikuwa hai ikifa njaa.

Nikaufuata waya ule kwa vidole. Ulishuka mpaka chini ubavuni, miguuni pa abiria, ukaingia nyuma ya plastiki. Nikang'oa plastiki, nikainua kapeti. Lilikuwa na unyevunyevu na chini yake kuna ukoko mweupe, na bolti inayoshika ethi imeliwa mpaka imebaki unga wa kijani na kutu. Nikagusa ule weupe, nikaweka ulimini.

Chumvi.

Nikatoka na kapeti mkononi. "Baba," nikamwambia Mzee Alois, "hapa mbele ulibeba chumvi ya ng'ombe?"

"Gari langu halibebi chumvi," akajibu haraka. "Mbele wanakaa watu."

Sikubishana naye. Nikachukua waya mnene, nikaufunga kwenye ethi ya kontroboksi, ncha ya pili nikaishikiza mimi mwenyewe kwa mkono kwenye hasi ya betri. "William, chomeka mashine yako. Mwenyekiti, fungua swichi."

Taa ya injini ikawaka. Mashine ya William ikapiga mlio mmoja na kuanza kusoma. Magesa akapiga stata na pikapu ikaunguruma kama ilivyotoka dukani. Akina mama wa chapati wakashangilia kuliko mimi. William akaitazama mashine yake, kisha akatazama viatu vyake.

Magesa akaja anatabasamu, kafurahi kweli, maskini. "Haya Mama Abel, umetuonyesha. Kaza bolti mpya, mzee aende zake, wewe ubaki na kazi yako. Yaishe."

Nikainua mkono wangu kutoka kwenye betri. Injini ikazima.

"Haiishi," nikasema.

"Mama Abel!"

"Asubuhi nimeitwa mchoma gari mbele ya watu wote hawa. Sasa nisafishwe kwa kunong'onezwa sikioni? Kesho mtu akitoka hapa atakwenda kusema nini Kahama? Atasema Vaileth alichoma, wakamwonea huruma. Hapana. Bolti ninayo mfukoni. Naikaza nikishasikia ukweli, kwa sauti ileile ya asubuhi."

"Unamwambia hivyo mzee wa watu?" William akadakia.

"Na adabu zangu zote. Shikamoo baba."

Safari hii Mzee Alois aliitikia. "Marahaba." Kisha akaliangalia lile kapeti. Mimi nikakaa juu ya bampa.

Mwishowe mzee akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda kulikuwa na mfuko.

"Hawajakusikia, baba."

Akainua kichwa. Akawatazama watu, na akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: "Chumvi ni yangu! Mvua ilinikuta natoka mnadani, nikaingiza mifuko mitatu mbele isilowe. Ikapasuka. Huyu mama hakuchoma kitu."

Nikashuka kwenye bampa. Nikadhani amemaliza, nami nilikuwa tayari kumwambia wabeja, asante ya Kisukuma, na kushika spana. Lakini alikuwa bado ananitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na niliijua hiyo chumvi tangu asubuhi," akasema, hakuna aliyemlazimisha tena. "Nilifikiri gari likikosa mtu wa kulaumiwa, wanangu watanilaumu mimi. Nikaona wewe ni mwanamke. Nikasema huyu atalia, ataondoka, basi."

Magesa akanifungulia mlango wa abiria.

Mimi nilikuwa nalia kweli wakati huo, sioni haya kusema. Machozi yananitoka, nimepiga magoti miguuni pa abiria, napiga msasa bodi mpaka chuma kinang'aa. Nikaweka bolti mpya, nikaikaza mpaka spana ikagoma.

"Washa gari lako, baba," nikamwambia. "Kulia nimelia. Kuondoka ndiyo siondoki."