Pua Mpya ya Nyambizi

Papa Zagabe alifundisha fizikia huko Bagira kwa miaka mingi, hadi presha ya macho ilipompofusha. Baada ya hapo alihamia Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, kwa binti yake Bibiane, na hakutaka tena kuvuka geti. Alishinda sebuleni, redio ikiongea peke yake.

Kaka yake Bibiane, Marcellin, anayeishi ng'ambo huko Toulon, akawatumia boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha: mfano wa nyambizi ya nyuklia ya Kifaransa, aina ya Rubis. Bibiane ni injinia wa maji. Aliiunganisha, akaiweka mikononi mwa baba yake.

Mzee aliipapasa kuanzia mkiani. Alipofika mbele, vidole vikasimama.

"Pua yake iko butu. Juu ya nini?" akauliza sababu.

Bibiane akasoma kwenye simu, kisha akamweleza. Nyambizi za kwanza za aina hiyo zilichorwa hivyo, lakini zilisumbua maji zikipita, na baharini kelele ndiyo inayokusaliti.

"Sasa balifanya nini?"

"Balichora pua ingine, Papa. Na zile za zamani, zenye zilikuwa tayari mu bahari, balizirudisha ku chantier, kwenye baliziunda, bakazibadilisha."

Mzee alirudisha vidole kwenye pua butu. "Chombo ya mita makumi saba," akasema polepole. "Iko na moto wa nyuklia mu tumbo. Na banaibadilisha sura." Kisha akasema, "Nipe ile pua mupya niiguse."

Haikuwemo ndani ya boksi. Marcellin aliitafuta dukani akaambiwa kipande hicho hakitengenezwi tena. Basi Bibiane akachukua kipande cha mti wa mparachichi, akachonga kwa kufuata michoro ya kwenye simu, na kila jioni baba yake alikikagua kwa vidole. "Hapa bado kuna mugongo," alikuwa akisema, naye Bibiane akapiga msasa tena. Kilipolainika, Bibiane alikata pua ya plastiki kwa msumeno mwembamba ili pua zote mbili ziweze kubadilishwa, zikishikiliwa kwa nta.

Jumamosi asubuhi mzee mwenyewe aliomba fimbo yake. Walishuka hadi ziwani, mkono wake begani kwa binti yake, akaketi kwenye jiwe. Bibiane aliifunga nyambizi kamba, akaipeleka mbali kidogo kwenye maji yaliyotulia, akarudi ufukweni, akaivuta.

"Minaisikia," mzee akasema. Pua ya zamani ilikuwa inabwabwaja majini. Alinyoosha kidole, akaifuata hadi ilipofika nchi kavu.

Bibiane akabadilisha pua, akaipeleka tena kulekule, akavuta. Mzee aliinamisha kichwa, akangoja.

"Vuta basi."

"Nimeisha kuvuta, Papa. Iko ku miguu yako."

Mzee aliinama, akapapasa maji hadi akaigusa.

"Batu kama sisi ndio baliwaza hii?"

"Batu kama sisi."

Hawakurudi nyumbani hadi jua likawa kali. Mzee aliuliza habari za ule moto usiohitaji hewa, na jinsi mabaharia wanavyotengeneza hewa ya kupumua kutokana na maji ya bahari.

"Kwa hiyo banaweza kubakia chini siku zote?"

"Hapana. Chakula ndiyo inaisha."

"Chakula," mzee akarudia, akacheka huku akijifuta machozi kwa mkono uliolowa.