Baiskeli ya Madam Bado Haijazeeka

Katika nyumba ile ya Mirdif, Dubai, kitu kikishazeeka madam humpa mfanyakazi. Ndiyo desturi yake. Mikrowevu ilipoanza kunguruma, Monicah, mpishi, aliifunga kwenye boksi ikapanda meli kwenda Kenya, na huko inanguruma mpaka leo. Basi Zakayo, dereva, akaitolea macho baiskeli ya madam.

Ilikuwa ya ringi za chuma zinazong'aa, na keria pana inayobeba madumu mawili. Hayo madumu ndiyo yaliyomkaa kichwani. Mkewe Rosina, kule Kishapu, hupelekea wateja maziwa kwa miguu, na magoti yalishaanza kumsumbua. Kila Ijumaa alipiga simu, na hata salamu hazijaisha anauliza, "Imezeeka?"

"Bado."

"Mbona inachelewa hivyo?"

Usidhani Zakayo alikaa bure. Dubai watu huendesha baiskeli wakati wa baridi, kwa kuwa kiangazi ni kujitafutia maradhi. Baridi nzima alimpeleka madam ufukweni, madam akaendesha pale pale mawimbi yanapoishia, magurudumu yakinywa maji ya chumvi. Wakirudi, kazi ya Zakayo ilikuwa kuisuuza kwa maji ya bomba na kuifuta. Hakuisuuza. Aliiegemeza garajini na chumvi yake, akaifunika turubai ili unyevu usipate pa kutokea, akaenda kula.

"Aki Zakayo, si uioshe tu?" Monicah alimwambia. "Hiyo itaoza."

"Haiozi. Inazeeka."

Baridi ya pili ilipokwisha, aliifunua mbele ya madam. Ringi zote zilikuwa kutu tupu, nyekundu, yenye magamba. Zakayo akatikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Haram," madam alisema kwa huruma. "Inasafishika?"

"Nitajaribu madam, lakini..." Akaiacha ile lakini ifanye kazi yake.

"Khalas, Zakayo. Chukua wewe."

Alimshukuru mpaka mlangoni. Kwa furaha aliyokuwa nayo, angeulizwa jina lake angebabaika. Alasiri hiyo hiyo akamwomba Monicah siki na karatasi ya foili, akavua matairi, akakaa chini na kusugua kwa mapenzi ambayo magurudumu yale hayakuwahi kuyaonja. Kutu ikatoka. Ikaendelea kutoka. Ilipokoma, ringi ya nyuma ilikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo Zakayo aliiona kandambili yake mguuni. Chumvi ilikuwa imekaa humo baridi mbili, ikila bila kukatazwa na mtu. Akaminya spoki moja, ikakatika. Akaminya nyingine, ahakikishe. Fremu ilibonyea chini ya dole gumba. Keria aliigusa tu, ikabaki mkononi.

"Hongera," Monicah alisema kutoka dirishani, uso mkavu. "Imezeeka vizuri."

Ilikuwa Ijumaa. Simu ikaita.

"Baba Neema, vipi? Imezeeka?"

Zakayo aliitazama keria mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza alitamani kusema bado.

"Imezeeka," alisema.

Rosina akapiga kigelegele kirefu, Monicah akakisikia hadi jikoni.

"Afadhali," Rosina alisema alipopata pumzi. "Maana dumu la pili nimeshanunua."