Niliandika Ua

Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima cha chokaa chenye ua la zambarau ambalo halioti kwingine kokote katika jangwa hili. Wenye machimbo wanakitaka kilima, na nyumba yetu iwapishe. Mtaalamu wa mimea alituachia tumaini moja: siku ya ukaguzi akilikuta ua liko hai, matingatinga hayatagusa hapa.

Mwaka huu mvua imetunyima. Lilichomoza moja tu. Nimelilea miezi miwili kama kichanga, maji kwa kikombe cha chai, kivuli kwa mtandio wangu.

Siku moja kabla ya ukaguzi nikasikia kibarua wa dawa ya magugu atapita kusafisha chini ya nguzo za umeme pale kilimani. Nikachukua kibao, nikaandika kwa mkaa, herufi kubwa: UA. Nikachora na mshale, nikakisimika kando yake. Nikalala roho imetulia.

Asubuhi nikamkuta pale kilimani, mwanamume mzima, bomba la dawa mgongoni, anatabasamu.

"Bibi, lile lako nimelimaliza. Nimelipuliza mara mbili, kwa heshima yako."

"Heshima gani?"

"Si umeandika mwenyewe ua? Nikaua."

"Ua, baba! Ua la kunusa!"

"Sasa si ungeandika maua, bibi? Ningeelewa."

"Liko moja! Ningeandikaje maua?"

Binti yangu alitoka mbio na ndoo. Tukaliosha jani kwa jani. Kibarua naye kapiga magoti, analia kama tumefiwa.

"Mama, linanyauka."

"Nyamaza, osha."

Mtaalamu alifika saa sita. Akakwaruza shina kwa ukucha. Ndani kahawia.

"Andika linaumwa," nikamwambia.

"Mama yangu, fomu ina 'hai' na 'limekufa'. Kuumwa hakuna."

"Basi subiri. Hata mtu hazikwi angali na joto."

Akasubiri, Mungu ambariki, amekaa juani nasi hadi alasiri. Jani la mwisho lilipojikunja aliniangalia, akaandika, akanipa kalamu nitie sahihi ya shahidi. Mkono ulikataa. Binti yangu akatia yeye, akaingia ndani, nikasikia anashusha masufuria na kuyapanga sandukuni.

Nikamwambia kibarua aniletee ndoo nyingine ya maji.